Redio Haizai

Baba yangu alimtukana baba mkwe wangu mbele ya umati wa watu kabla mimi sijazaliwa. Alimtukana kwa wimbo, kwa ngoma na kwa ufasaha mkubwa, kwa hiyo kosa lake lina udhuru. Mimi nililirudia tusi hilohilo siku walipokuja kujadili mahari yangu, kwa sabufa, na udhuru wangu nautafuta mpaka leo.

Zamani, pamba ikishauzwa na kiangazi kikishashika, watu wa kwetu Zagayu hawakwenda kusikiliza muziki. Walikwenda kushindana. Kulikuwa na makundi mawili, Bagika na Bagalu, na kila kundi lilikuwa na ningi wake, yaani manju, mtunzi na mwimbaji ambaye kazi yake ilikuwa kuwavuta watu waje upande wake wa uwanja. Hapakuwa na jaji wala kura. Umati ulikohamia ndiko ushindi ulikokuwa. Sasa, umati unaweza kuuvuta kwa kusifu mvua na wazazi, lakini kumtukana ningi wa upande wa pili kunavuta haraka zaidi, na baba yangu hakuwa mtu wa kupoteza muda.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa kijana kutoka Ipililo, upande wa Maswa. Kijana huyo aliuza pamba msimu ule na badala ya kununua ng'ombe kama mtu mwenye akili zake, akanunua redio kaseti. Ilikuwa kubwa, yenye spika mbili na mpini wa kubebea, na ilikula betri sita ambazo zikichoka alizianika juani kama dagaa. Wakati huo alikuwa anaposa. Baba akatunga wimbo. Nautafsiri kutoka Kisukuma, na utamu ukipotea lawama zipelekwe kwa Kiswahili:

“Bwana Redio ameuza pamba. Wenzake wamenunua ng'ombe, yeye kanunua kisanduku kinachoongea. Kifunge jembe tuone. Kikamue tuone maziwa. Bwana Redio ameoa redio, na redio haizai.”

Umati ulihama kama maji yaliyofunguliwa. Bahati mbaya miongoni mwa waliocheka walikuwemo wajomba wa binti aliyekuwa akiposwa, na posa ikarudishwa wiki ileile. Ndiyo maana naliita tusi. Utani unaovunja posa ya mtu umeshatoka kwenye utani.

Yule kijana alijibu palepale, maana ningi asiyejibu anahama kijiji. Lakini hapo ndipo alipofanya kosa ambalo angeweza kulifanya yeye tu. Wakati baba akiimba, aliiwasha redio yake irekodi, akasome udhaifu wa mwenzake nyumbani. Ilipofika zamu yake mwenyewe akaizima, atunze betri. Hakuna mwingine pale aliyejua zile batani, na hata angejua, mwenye redio asingekubali iguswe. Kwa hiyo redio yake mwenyewe ilihifadhi vizuri tusi alilotukanwa, na jibu lake likaenda na vumbi. Kaseti ilipotea jioni hiyo, ikaonekana kwetu. Sitaeleza zaidi. Baba yangu sasa ni mzee wa kanisa.

Mimi nimekua na kaseti hiyo. Utotoni tuliisikiliza kwa jirani, maana sisi hatukuwa na redio kaseti, jambo ambalo ukiufikiria wimbo wenyewe linachekesha. Redio ya jirani ilipokufa, kaseti ikalala kwenye kopo pamoja na risiti za pamba. Nikaenda chuo, nikawa mwalimu wa shule ya msingi Bariadi mjini, na huku nyuma dunia ikageuka.

Nilipokuwa mdogo kila kitu kilikuwa na mwenyewe wa kumwomba. Redio ilikuwa ya fulani, kamera ya fulani, televisheni ya fulani tena yenye kiingilio, na tochi ilifichwa na mama. Leo vyote vimekimbilia ndani ya simu moja vikabanana humo, na kila mtu anayo. Mchunga ng'ombe anapita na simu shingoni inaimba, bodaboda zinapita zikiimba, hata msibani siku hizi watu wanauliza kwanza sabufa iko wapi ndipo waulize marehemu alikuwa anaumwa nini. Wanafunzi wangu wanajua sekunde kumi na tano za kila wimbo uliotoka mwaka huu. Ukiwaambia wamalizie wanakutazama kama umewauliza hesabu. Nyimbo za siku hizi hazina mwisho kwao, zina kidole kinachopita juu ya kioo kwenda kwenye nyingine. Na siwacheki sana, kwa sababu na mimi ndivyo ninavyosikiliza nikiwa nafua.

Mwaka juzi niliamua kumfurahisha baba. Nilichukua kaseti kwenye kopo nikaipeleka Bariadi kwa kijana mmoja mwenye steshenari, anayetoa fotokopi, anapiga picha za paspoti na kujaza watu nyimbo kwenye memori kadi. Alikuwa na deki ya zamani ameiunganisha na kompyuta kwa waya. Aliniambia nirudi baada ya siku mbili, na niliporudi alikuwa na fahari kama daktari aliyefanikisha upasuaji.

“Madamu, nimekusafishia,” alisema. “Ilikuwa na makelele, we acha tu. Nimeyaondoa yote.”

Nilimpelekea baba Zagayu. Nikamwekea simu sikioni, akasikiliza sauti yake ya ujanani, safi, haina mkwaruzo. Alisikiliza mpaka mwisho, uso umekunjamana.

“Watu wako wapi?” aliniuliza.

“Watu gani, baba?”

“Hapa palikuwa na watu. Hapa walicheka. Hapa mama mmoja alipiga kigelegele mpaka akaanguka. Sasa huyu anamwimbia nani? Yuko chumbani?”

Nikarudi steshenari kuomba makelele yarudishwe. Yule kijana alinitazama kwa huruma, akanipa nakala chafu. Niliupenda wimbo ule mchafu. Niliuweka kwenye simu yangu, nikawa nausikia mara kwa mara, pamoja na kicheko cha watu ambao wengi wao sasa wamelala makaburini.

Baadaye nikapata mchumba, au tuseme tulipatana, maana nilikuwa na miaka thelathini na minne na mashangazi walikuwa wameshaanza kuniombea kwa sauti ya kuniaga. Alikuwa bwana shamba, mpole, anacheka kwa pua. Nilimpenda. Naliandika neno hilo waziwazi kwa sababu siku ile nilikuwa karibu kumkosa, na nilijua nini ninakosa.

Mshenga alipokuja mara ya kwanza akataja ukoo na kijiji cha kina mchumba, baba aliweka kikombe chini taratibu. Mshenga alipoondoka akaniita.

“Huyo baba yake ndiye Bwana Redio.”

Nilicheka. Yeye hakucheka.

“Tangu posa yake irudi hajakanyaga Zagayu. Siku moja tulikutana mnadani akaniambia, mtoto wako akipita mlangoni kwangu nitamfungulia ng'ombe wamkanyage. Sasa mtoto wake amepita kwangu na yeye amekubali kuja. Sijui kwa nini. Lakini akiusikia ule wimbo tena, mwanangu, huna ndoa. Mimi nilivunja ya kwake, na yeye atakuwa na haki ya kuvunja ya kwako.”

“Basi siku hiyo tusiweke muziki.”

“Shangazi yako atakubali?”

Shangazi hakukubali. Yeye anaishi Binza, pale Maswa mjini, ana duka la vitenge na sabufa inayotikisa madirisha ya majirani. Kwake kikao cha mahari bila sabufa ni mkutano wa kijiji. Tukapatana naye apige kwaya peke yake, kutoka kwenye simu yake, kwa sauti ya chini. Akaapa. Lilikuwa jambo rahisi.

Wageni walifika saa nne, wanaume saba na wanawake wanne, wakakaa chini ya turubai upande wao, sisi upande wetu, viti vya plastiki vikitazamana na madawati ya kuazima shuleni. Katikati kulikuwa na uwanja mtupu, na pembeni kabisa, juu ya stuli yenye kitambaa, sabufa. Mimi nilikuwa ndani chumbani kama desturi inavyotaka, nasubiri kuitwa. Kupitia dirishani nilimwona baba mkwe kwa mara ya kwanza. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, amevaa koti zito kwenye jua lile. Alikuwa anamwangalia baba, na baba alikuwa anaangalia viatu vyake.

Sijui shetani gani alinituma. Nilitaka kujua tu ule wimbo ni mbaya kiasi gani, kama ni wa kusameheka. Nilikuwa nimeusikia mara mia kama binti wa mwimbaji. Sikuwahi kuusikia kama mkwe wa mwimbiwa. Nikatoa simu, nikapunguza sauti mpaka chini kabisa, nikaiweka sikioni.

Huko nje simu ya shangazi ikaita. Kwa kuwa kila kitu siku hizi ni kitu kimoja, simu ikaitia ndani ya sabufa, na rafiki yake wa Binza akasikika uwanja mzima:

“Haya niambie shosti, hao watu wamekuja na sura za kutoa ng'ombe au sura za kula wali?”

Shangazi aliruka, akazima bluetooth, akakimbilia nyuma ya nyumba na simu yake. Sabufa ikabaki yatima. Lakini sabufa ya kisasa haikubali uyatima. Inaikumbuka kila simu iliyowahi kuiimbia, na Krismasi iliyopita ilikuwa imeimbiwa na yangu.

Chumbani, wimbo ulikatika sikioni. Nikadhani nimebonyeza vibaya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza mpaka mwisho.

Ndipo nikamsikia baba yangu, kijana, mwenye mapafu mazima, akinguruma kutoka uwanjani mpaka mabati yanalia: Bwana Redio ameuza pamba!

Mtu mwenye akili angezima simu. Mimi niliitikisa, kama chupa ya dawa. Kisha nikaibonyeza kila mahali isipokuwa panapostahili, ikawasha tochi, ikapiga picha ya dari. Nilipofanikiwa kuizima wimbo ulikuwa umeshafika kwenye redio haizai, na umati wa zamani, ule niliourudia steshenari kuudai, ulikuwa umeshamcheka yule mzee tena, kwa besi, mbele ya mke wake na watoto wake.

Vijana wawili wa upande wao wakasimama. Mshenga akaokota kofia yake. Mchumba wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Nilijua ndoa imekwisha, na kwamba nimeimaliza mimi, kwa dole gumba.

Baba mkwe hakusimama. Aliinyooshea sabufa kidole.

“Simu iliyoimba humo ni ya nani?”

Nilitoka. Hakuna aliyeniita, na desturi ilishaharibika tayari. Nilipiga magoti kwenye vumbi katikati ya pande mbili, na simu mkononi.

“Ni yangu, baba. Nisamehe.”

“Wangu umo humo?”

Sikumwelewa mara moja. “Upi, baba?”

“Mimi niliimba pia siku hiyo. Wangu umo?”

“Haumo, baba. Kaseti ina mmoja tu.”

“Najua haumo,” alisema. “Niliizima mwenyewe. Betri.” Akatikisa kichwa. “Sasa huyu mzee watu wote wanamsikia, mimi wanasikia ninavyochekwa. Wajukuu watakuja, watanijua kwa hilo.”

Alisimama. Nilidhani anaondoka, na nadhani kila mtu alidhani hivyo, maana vijana walianza kusogeza viti. Badala yake akavua lile koti akamkabidhi mkewe. Simu zikapanda juu pande zote mbili, za wageni na za kwetu, hata ya mshenga.

“Yaya, yaya, hapana. Shusheni,” alisema. “Aliyekuwepo asikie, ambaye hayupo pole yake.”

Simu zikashuka. Ninachokiandika hapa kwa hiyo nimekitoa kichwani, na kichwa changu hakina memori kadi.

Alianza chini, sauti imechakaa, mkono mmoja ukipiga paja. Kwamba kweli redio yangu hailimi, lakini nikiizima inanyamaza, na wewe wa kukuzima ni nani? Shangazi, aliyekuwa amerudi kunyata pembeni ya nyumba, akapasuka kicheko akajiziba mdomo. Kwamba mama yako yuko shambani, mkeo yuko shambani, hata mbwa wako amekwenda shambani, wewe uko uwanjani na koo lako. Kwamba magugu ya pamba yako yameshajua kuimba, yamebakiza kucheza. Watu wetu walianza kucheka, watu wetu wenyewe, na sauti ya mzee ilikuwa inapanda kadiri walivyocheka. Aligeuka akamtazama baba usoni. Kwamba na suruali uliyokuja nayo hapa uwanjani, suruali hiyo...

Akakwama.

Alirudia, suruali hiyo, mkono ukaendelea kupiga paja, mdomo umefunguka, hakuna kitu. Akajaribu tena. Nilimwona anautafuta mstari angani, na sijawahi kumwonea mtu huruma kama ile, mzee amengoja miaka yote hiyo kujibu, anajibu, na jibu linamkimbia mbele ya watu. Hapakuwa na mtu wa kumsaidia. Hakuna simu iliyokuwa nao.

Baba yangu, mzee wa kanisa, na suti yake ya Jumapili, akainuka kwenye dawati la wanafunzi.

“Suruali hiyo ni ya shemeji yako,” aliimba. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiimba kwa sauti hiyo nje ya mashine. “Ukishinda utaivua, ukishindwa utaivua.”

“Na hakuirudisha!” mama alipaza sauti kutoka jikoni. Mwenye suruali alikuwa kaka yake.

Uwanja ulilipuka. Mama mkwe alicheka mpaka akashika mkono wa jirani yake. Lakini baba mkwe hakucheka. Alivuka uwanja hatua mbili, akasimama mbele ya baba.

“Umeutoa wapi huo mstari? Mimi mwenyewe umenitoka.”

“Haujawahi kunitoka,” baba alisema. “Nauimba kila palizi, nikiwa peke yangu. Wote. Wako ulikuwa mzuri kuliko wangu. Siku ile nilijua kabla hujamaliza, na watu wakanibeba juujuu na huku najua.”

“Na posa yangu ikarudi.”

“Ikarudi. Hilo nisamehe.”

Sikuwa nimewahi kumsikia baba akimwomba mtu msamaha, si mama, si mchungaji. Nilikuwa bado nimepiga magoti, na nikalia hadharani bila aibu.

Mzee alimtazama baba, kisha akamtazama mkewe, aliyekuwa amelikumbatia lile koti.

“Ungeoa yule,” mkewe alimwambia, “hawa watoto ungewapata wapi? Kaa chini.”

Akakaa. Alikaa kwenye dawati letu, ubavuni mwa baba, upande wetu kabisa, akaanza kumwuliza taratibu ule mstari wa magugu kama yeye aliusikia hivyohivyo. Mshenga alisimama katikati ya uwanja na kofia mkononi, hajui tena ng'ombe aanze kuwajadili na nani.